Jiko la Bi Mdogo

Mimi ni msusi. Benchi langu liko katikati ya ua, kati ya mlango wa Bi Mkubwa na mlango wa Bi Mdogo, kwa hiyo mambo ya nyumba ile sikusimuliwa, nimeyaona kwa macho yangu. Anayetaka kubisha aje nimsuke, tubishane taratibu, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu.

Hawa wawili walikuwa wake wa mume mmoja, fundi wa malori, mtu mpole aliyerudi nyumbani akinuka dizeli na kuingia chumba cha zamu bila maneno mengi. Siku alipomleta Bi Mdogo, Bi Mkubwa alisimama hapa uani mbele ya majirani akasema kijiko chake hakitaingia kinywani mwa mwanamke yule. Bi Mdogo naye, mgeni wa siku ile ile, hakukubali kushindwa. Akaapa kwamba chakula cha mwenzake hatakionja mpaka siku anaingia kaburini. Basi vikajengwa vyumba viwili vya kupikia, vikitazamana, moshi wa huku na moshi wa huko, na yule fundi wa malori akawa anakula mara mbili kila jioni ili asimuudhi mtu. Alinenepa, maskini, si kwa raha.

Alipofariki, tulisema sasa kila mmoja atashika njia yake. Wapi! Watoto wa Bi Mkubwa walishaoa na kuolewa, wako mbali huko. Bi Mdogo hakujaliwa mtoto. Wakabaki wawili, kila mmoja na mlango wake, kila mmoja na jiko lake, na kazi ikawafunga pamoja wapende wasipende. Bi Mdogo ni fundi cherehani, Bi Mkubwa ni dobi, mtu wa pasi ya mkaa. Nguo ikishonwa lazima ipigwe pasi. Bi Mdogo alikuwa akiileta na kuitandaza kwenye benchi langu, kisha ananiambia mimi, nimwambie mwenzake kola isiungue. Mwenzake yuko pale pale, anasikia kila neno. Naye ananijibu mimi, nimwambie huyo kwamba yeye alianza kupiga pasi kabla mtu hajajua kutunga uzi kwenye sindano. Nami niko katikati na kichwa cha mteja, nimegeuzwa simu.

Ndivyo walivyoishi mpaka kiharusi kilipompiga Bi Mdogo akiwa kwenye cherehani. Aliyesikia kishindo ni Bi Mkubwa. Aliiacha pasi juu ya suruali ya mtu, ikatoboka hadi kwenye meza, akambeba mwenzake mgongoni mpaka barabarani huku analia na kutukana magari yasiyosimama. Mimi nilikimbia nyuma na viatu vyao. Mwenye suruali alikuja kudai, nikampa vidonge vyake, hakurudi tena.

Bi Mdogo alirudi kutoka hospitali akiwa nusu. Mkono wa kulia umelala, mguu wa kulia anauburura, na maneno yamebaki machache sana. Akili yake ilikuwa nzima, ndiyo iliyomtesa. Anakuangalia, anajua anachotaka kusema, kinywa kinakataa.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza tu, Bi Mkubwa aliingia kwenye jiko la Bi Mdogo, akawasha mkaa wa Bi Mdogo, akateleka chungu cha Bi Mdogo, akapika kwa mwiko na chumvi ya Bi Mdogo. Bi Mdogo kawekwa kwenye kigoda pale mlangoni, anaelekeza kwa mkono wa kushoto. Bado. Basi. Chumvi. Chakula kikiiva, Bi Mkubwa anamlisha, anamfuta mdomo, anaosha vyombo. Halafu anavuka ua, anaingia jikoni kwake, anawasha moto upya na kujipikia chake. Kila siku, mara mbili, mwanamke aliyeshinda amesimama kwenye pasi. Nilimuuliza kama amepata wazimu. Akanijibu kwamba mwenzake aliapa, na mtu akiwa mgonjwa hatumii nafasi hiyo kumvunjia kiapo. Nikarudi kwenye kichwa cha mteja wangu.

Mguu ukaanza kukauka. Mtaalamu wa viungo pale hospitali alimkunja, akamkunjua, akasema mazoezi ya kitandani hayatoshi, huyu anahitaji maji ya uvuguvugu yambebe huku mguu unajifunza kutembea. Na asicheleweshwe, kwa sababu mguu ukishakakamaa hivyo hauna kurudi. Maji hayo yako kwenye kituo cha michezo cha mtaa, kwenye lile bwawa dogo la ndani linalopashwa moto asubuhi.

Wakati huo huo kaka yake Bi Mdogo alituma ujumbe. Jumamosi anakuja na gari kumchukua dada yake, akakae kwake shamba. Si mtu mbaya. Ila huko kwake hakuna hospitali, hakuna bwawa, hakuna hata njia ya kusukumia kiti cha magurudumu. Alisema kama kuna tiba ya maana hapa, sawa, atamwacha. Kama hakuna, ndugu yake hatakufa mikononi mwa mke mwenza. Bi Mkubwa alipousikia ujumbe ule alikaa chini kwenye rundo la nguo za watu.

Kesho yake tulikwenda kituoni, mimi na yeye, Bi Mdogo tukamwacha kwa jirani. Kituo kile kina ukumbi wa mazoezi, uwanja wa mpira wa kikapu na lile bwawa, na kwenye ukuta wa mapokezi wamepaka kanuni kwa rangi ya buluu. Familia ni mume na mke, au mzazi mmoja, pamoja na watoto wao. Mtu mzima mwingine ataingizwa kwenye kadi ya familia endapo anaishi nao nyumba moja na kula nao chungu kimoja. Na chini yake, kwa rangi nyekundu: mgonjwa haingii bwawani bila msaidizi aliye kwenye kadi yake ya familia. Hiyo nyekundu waliiongeza baada ya msaidizi mmoja wa kukodi kumwacha mzee wa watu ndani ya maji akaenda kuongea na simu. Siwalaumu kwa hilo.

Karani wa mapokezi, kijana nadhifu, aliuliza mgonjwa ni nani yake. Bi Mkubwa akasema mke mwenzangu. Karani akauliza mume yuko wapi. Akaambiwa ameshatangulia mbele ya haki.

"Basi mama," akasema yule kijana, kwa adabu kabisa, "mume akishakufa hakuna tena mke mwenza. Kwa sasa nyinyi ni wapangaji wawili."

Mimi nikawaka. Nilimuuliza kama mama yake akifiwa na mume anakuwa mpangaji wa nani. Nilisema mengi, mengine siyarudii, mpaka watu wa kikapu wakaacha kucheza.  Bi Mkubwa alikuwa anauangalia ukuta.

Kelele zangu zilimtoa meneja ofisini. Mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sauti ya chini. Alisikiliza pande zote mbili, kisha akatueleza kwamba kanuni ya chungu kimoja ina sababu. Mwaka juzi timu nzima ya mpira ilijiandikisha kama watoto wa mama mmoja, na kipa ana mvi. Tangu hapo huenda mwenyewe nyumbani kwa watu kuangalia. Akamgeukia Bi Mkubwa.

"Sitaki kujua habari za mume. Nakuuliza jambo moja. Mnakula chungu kimoja?"

Nilimwona Bi Mkubwa akirudi kuutazama ukuta. Angeweza kusema kweli pale pale. Lakini kweli yenyewe ingeelezwaje? Kwamba vyungu ni viwili, ila mpishi ni mmoja? Kwamba wamekataliana chakula tangu enzi za ujana wao na bado hawajaachana?

"Chungu kimoja," akasema.

Meneja akaitikia kwa kichwa. Atakuja Ijumaa. Na akatuonya, kwa sauti ile ile ya chini, kwamba akikuta amedanganywa, wote wawili hawatakanyaga tena pale, kwa kadi ya aina yoyote.

Njiani nilimwambia dawa ni rahisi. Mweleze mwenzako, mle pamoja siku moja, mambo yaishe. Akasimama katikati ya njia. Akanikumbusha maneno ya kiapo chenyewe, mpaka siku naingia kaburini. Sasa mimi, akasema, niende na sahani yangu kwa mtu asiyeweza kusimama, nimwambie kula? Ataelewa nini? Ataelewa kwamba kaburi lenyewe limefika. 

Ijumaa asubuhi Bi Mdogo alikuwa kwenye benchi langu namsuka, mgongo wake kwenye jiko lake. Nikamwona Bi Mkubwa akitoka mle ndani amelikumbatia lile jiko la mkaa, chungu kiko juu yake, mwiko kwapani. Hakuwa ameniambia. Alinitazama kwa macho ya kuomba, na mimi, Mungu anisamehe, nilimshika Bi Mdogo kichwa na kukigeuza upande wa pili kana kwamba natafuta njia ya msuko. Jiko likaingia chumbani kwangu, likafunikwa shuka. Njia ya mwongo ni fupi, naijua methali hiyo tangu utotoni. Lakini kesho yake gari la kaka lilikuwa linakuja.

Meneja alifika mchana na viatu vyake visivyo na sauti. Bi Mkubwa alimkaribisha, akamwonyesha vyumba, kitanda cha mgonjwa, dawa, kamba aliyoifunga ukutani ili Bi Mdogo ajishikilie akijaribu kusimama. Meneja aliivuta ile kamba kuona kama ina nguvu. Akaonekana kuridhika. Kisha akaomba kuona jikoni. Jikoni kwa Bi Mkubwa maharage yalikuwa yanachemka, jiko moja, chungu kimoja, mabakuli mawili yamepangwa pembeni, na mojawapo lilikuwa limenunuliwa asubuhi ile. Mimi nilikuwa mlangoni nimejifanya napumzika. 

Kosa letu lilikuwa Bi Mdogo. Sote tulimpangia, hakuna aliyemwambia. Yeye alimwona mwanamke mgeni, amevaa kama mtu wa ofisi, anakagua vyumba vyake, kitanda chake, dawa zake. Habari za kaka na gari alizijua. Akashika fimbo yake, akajiburura mpaka kwenye mlango wa jiko lake, akausukuma.

Ndani hamkuwa na kitu. Sakafuni palibaki duara la majivu, pale jiko lilipokaa miaka yote.

Alianguka kwa makalio, hivyo hivyo, kwenye majivu. Sauti aliyoitoa sitaki kuisikia tena. Tulikimbia wote, na meneja akiwa mbele. Bi Mdogo alikuwa anapiga sakafu kwa kiganja cha kushoto.

"Jiko," alisema. "Langu. Mnani… mnanitoa."

Kila mtu aliona. Meneja alilitazama duara la majivu, akautazama ukuta uliojaa moshi, akaivaa miwani yake akatazama tena. Kwenye kona kopo la chumvi lilikuwa limesahaulika.

"Mmenidanganya," akasema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilifungua kinywa. Bi Mkubwa akanizuia kwa mkono. Alipiga magoti kwenye yale majivu, akamkalisha mwenzake vizuri, akamwegemeza kifuani pake, na akaongea akimwangalia yeye, si meneja. Alisema hakuna anayemtoa mtu. Alisema jiko lako liko kwa msusi. Nimelificha kwa sababu huyu mama akijua tuna vyungu viwili hatatupa kadi, na bila kadi hutaingia kwenye maji, na usipoingia kwenye maji kesho kaka yako anakuchukua. Nilishindwa kukuomba ule changu, nisikutie uchuro. Akamalizia kwa kulia, mtu mzima na nywele nyeupe.

Ndipo mdomo wangu ukakatika breki. Nilimwambia meneja yote, kiapo cha siku ya kwanza, moto wa mara mbili kila siku, chumvi ya huku na chumvi ya kule. Nikamuuliza, katika hizo familia zake za chungu kimoja, ni mke gani anampikia mwenzake kwanza na kujipikia mwenyewe baadaye. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anatuonea huruma, na anaamini kila neno, lakini kanuni ile hakuitunga peke yake, ni ya kamati, na akiipindisha leo kesho timu ya mpira itarudi. Vyungu viwili ni vyungu viwili. Na juu ya hayo uongo ulisemwa mbele ya karani wake. Akaanza kutafuta mkoba wake.

Bi Mdogo alikuwa ameacha kupiga sakafu. Alimtazama meneja, akamtazama Bi Mkubwa kwa muda mrefu, akaomba fimbo yake kwa jicho. Nikampa. Bi Mkubwa akataka kumbeba, akamsukuma kwa bega. Akasimama mwenyewe kwa kujishikilia mlangoni. Akaanza kuvuka ua.

Ua wetu si mkubwa, kuku anauvuka kabla hujamfukuza. Siku ile ulikuwa mrefu. Mguu unachora mstari kwenye vumbi, anasimama, anahema, anaenda. Meneja alisimama na mkoba wake mkononi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipofika kwenye kizingiti cha jiko la Bi Mkubwa, kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka tangu aingie nyumba ile, aliuinua mguu mbovu kwa mkono, akauvusha kama anavyovusha mzigo, akaingia. Akajitupa kwenye kigoda cha Bi Mkubwa. Akachukua kijiko cha Bi Mkubwa kwa mkono wa kushoto, akakitia kwenye chungu.

"Usile kama hutaki," Bi Mkubwa akamwambia. "Mwenzangu, nakuomba. Usile kwa ajili ya huyu."

Akala. Maharage mengine yalimwagikia kifuani. Akatafuna polepole, upande mmoja, sisi wote tumesimama tunamtazama kana kwamba ataanguka afe pale pale. Akameza. Akakunja uso.

"Chumvi," akasema. "Hamna."

Nilisikia mkaa ukipasuka. Halafu Bi Mkubwa, machozi bado yanamtiririka, akashika kiuno.

"Hamna chumvi? Umekaa miaka yote hii unangoja kuniambia hamna chumvi? Mume alikula chakula hiki mpaka anakufa hakuwahi kulalamika!"

Bi Mdogo akainua kijiko, akamwelekezea. "Aliogopa," akasema.

Lilikuwa neno ambalo hatukuwahi kulisikia kwake tangu augue.  Bi Mkubwa akavuka ua mbio, akaenda kuchukua lile kopo kule kwenye majivu, akarudi akatia chumvi ya Bi Mdogo kwenye chungu chake, huku analalamika kwamba watu wengine hata wakipooza ulimi haupoozi.

Meneja alivua miwani. Aliifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mgeni angesema asante. Anayelalamikia chumvi ni mtu wa nyumbani," akasema. "Niletee bakuli na mimi, nionje hicho chungu, nikiulizwa na kamati niwe na la kusema."

Akala amesimama, akasema kweli chumvi ilikuwa pungufu. Kadi ikaandikwa jioni ile ile. Karani aliuliza ajaze nini kwenye uhusiano, akaambiwa ajaze mke mwenza, na kama nafasi ni ndogo abane herufi.

Jumamosi kaka alikuja na gari lake akakuta milango yote miwili imefungwa. Nilimwelekeza kituoni. Alirudi baadaye amelowa suruali mpaka magotini, maana alishindwa kukaa pembeni. Akanisimulia kwamba alimkuta Bi Mkubwa ndani ya maji hadi kifuani, yeye ambaye maji yake siku zote ni ya beseni, anatetemeka kwa woga, amemshika dada yake kiunoni, na dada yake anampigia kelele kwa neno moja tu, mbele, mbele, mbele. Akaondoka na gari tupu.

Siku hizi wanakula jikoni kwa Bi Mkubwa na kugombana kila siku, hawanihitaji tena kuwa simu yao. Lile jiko la mkaa bado liko chumbani kwangu chini ya shuka, linanibana mahali. Juzi nilimuuliza Bi Mkubwa nilirudishe, nilitupe, au nimpe mtu.

"Litunze," akaniambia, anapuliza mkaa wa pasi. "Mguu wake ukipona atalitaka. Naomba Mungu alitake."